Uzito wa protini: usisahau maji

Mara ya kwanza kukokotoa uzito wa protini kwa mkono nilipata daltoni 6,696 (daltoni moja ni takriban uzito wa atomu moja ya hidrojeni). Protini yenyewe ilikuwa insulini ya binadamu, na kitabuni iliandikwa 5,808. Nikajumlisha upya mara tatu, nikakilaumu kikokotoo, nikalala nimenuna.

Kosa langu? Nilitumia uzito wa kila asidi amino, vile vipande vinavyoungana kuwa protini, ikiwa peke yake. Glisini peke yake ina daltoni 75.07, lakini ikishaingia kwenye mnyororo inabaki na 57.05, kwa kuwa kila kiungo cha peptidi, kinachounganisha asidi mbili, kinapofungwa, molekuli moja ya maji hutoka, yaani 18.02. Insulini ina viungo 49 vya aina hiyo. Nilikuwa nimeyabeba maji yote, karibu daltoni 883!

Kila asidi amino huandikwa kwa herufi moja. Jaribu na herufi tatu za mwanzo za mnyororo A, mmoja wa minyororo ya insulini: G (glisini), I (isoleusini), V (valini). Chukua jedwali la uzito wa asidi zikiwa ndani ya mnyororo: 57.05 + 113.16 + 99.13, jumla 269.34. Kisha rudisha maji mara moja tu, kwa ajili ya ncha mbili za mnyororo: 287.36. (Ukichanganya I na L, yaani leusini, hutaona tofauti, uzito wao ni mmoja. Hiyo ni bahati, usiizoee.)

Nikateleza tena hapohapo. Insulini ina minyororo miwili, A wenye asidi 21 na B wenye 30, kwa hiyo maji hurudishwa mara mbili. Ukifanya hivyo unapata 5,813.6. Bado zimezidi kama sita hivi, nazo ni za madaraja ya salfa: jozi tatu za sisteini, asidi amino yenye salfa, zimeshikana, na kila jozi imepoteza hidrojeni mbili. Toa 6.05, unabaki na 5,807.6.

Siku hizi nabandika mfuatano wa herufi kwenye ProtParam, programu ya mtandaoni ya kukokotoa uzito wa protini, na jibu linatoka papo hapo. Lakini kwanza nahesabu herufi na kuzidisha kwa 110, wastani wa asidi moja: 51 mara 110 ni 5,610. Ndivyo nilivyojinasa juzi, programu iliponipa karibu 12,000. Nilikuwa nimenakili insulini ikiwa bado ghafi, herufi 110, pamoja na zile 24 za mwanzo na 35 za katikati ambazo seli huzikata na kuzitoa.