Kikaratasi kwenye kava la simu

Ukisema kinga yako imeshuka, watu wa hapa Mtwara wanakuangalia mwili kwanza, halafu wanauliza kwa sauti ya chini kama umeshapima. Nimepima jamani, sicho mnachofikiria. Mimi nina baridi yabisi, ile ambayo kinga ya mwili inakosea adui na kushambulia viungo vya mwenyewe. Dawa ninazomeza zinaituliza hiyo kinga. Yaani yangu imeshushwa kwa makusudi, ili vidole viweze kufunga kifungo cha gauni. Gharama yake ni kwamba mafua yanayokulaza wewe siku tatu, mimi yananilaza wiki mbili.

Natumia prednisoloni kila asubuhi baada ya chai, na methotreksati mara moja kwa wiki. Kwa WIKI. Ukiimeza kila siku inaweza kukuua. Siku yangu ni Jumapili, na nimeizungushia duara jekundu kwenye kalenda ya ukutani.

Mwaka wa kwanza nilipata mkojo wa kuchoma. Nikaenda duka la dawa mtaani, nikapewa septrini. Muuzaji hakuniuliza natumia nini, na mimi sikusema, nilikuwa na haraka ya bajaji. Wiki haijaisha, mdomo ukajaa vidonda, hata uji wa vuguvugu niliuona pilipili. Nikipiga mswaki, povu linatoka jekundu. Hospitali walipopima, damu ilikuwa imeshuka, nyeupe na nyekundu. Daktari alipoiona ile pakiti ya septrini alinyamaza kidogo, kisha akanieleza: septrini na methotreksati zote zinauzuia mwili kutumia foleti, vitamini inayohitajika kutengeneza damu, na zikikutana, uboho unashindwa kutengeneza damu. Hata SP ya malaria ni ya ukoo huo huo.

Siku ile ile nikaandika kikaratasi: majina ya dawa, kiasi, siku, na mstari mmoja, "Usinipe dawa nyingine kabla ya kusoma hapa." Kinakaa nyuma ya simu, ndani ya kava. Nimekibadilisha mara tatu kwa sababu ya jasho.

Homa sichezi nayo. Prednisoloni inaweza kuificha, kwa hiyo nyuzi 38 kwangu ni safari ya hospitali hata kama ni usiku. Na wakipima malaria wakasema hakuna, siondoki. Naomba watafute kingine.

Wifi yangu hucheka nikienda kuokota korosho na yeboyebo zilizofunika vidole. "Umekuwa mzungu?" Kuna minyoo ya udongoni, strongiloidesi, inapenya ngozi ya nyayo. Kwa mtu mwenye kinga nzuri inaweza kukaa miaka bila makelele. Kwa anayemeza steroidi, kama hii prednisoloni yangu, inaweza kuzaana na kusambaa hadi mapafuni. Acha acheke.

Chakula sijajinyima sana. Pweza nakula akitoka jikoni anafuka moshi. Kachumbari iliyoshinda kwenye ndoo naiacha. Uraka niliuaga, maana pombe na methotreksati vyote vinalielemea ini. Kwenye unyago naenda, lakini nakaa nje chini ya mwembe, siyo ndani kunakokoholewa.

Jambo moja ambalo wengi hukosea: kuacha prednisoloni ghafla kwa sababu umepata nafuu. Ukiitumia muda mrefu, mwili unasahau kutengeneza homoni yake wenyewe, na ukiikata mara moja unaweza kuanguka vibaya. Inapunguzwa taratibu, na daktari. Mimi zikibaki za siku kumi naanza kutafuta nyingine, hasa masika.

Juzi nilirudi duka lile lile kutafuta dawa ya kikohozi. Siku hizi kuna kijana mwingine. Nilikuwa sijafika hata kaunta, akanyoosha mkono.

"Shikamoo mama. Lete kwanza kile kikaratasi."