Kushikana kukipotea, usishangilie bado

Wiki hii msomaji mmoja kaniandikia kwa furaha. Amekata kipande cha asidi amino 50, zile punje zinazoungana kuwa mnyororo wa protini, kwenye protini yake, na protini mwenzake haishikani nayo tena. "Nimepapata mahali penyewe," anasema. Moyo ulinipasuka, maana maneno hayohayo niliyasema mimi, nikayatuma kwenye jarida.

Nilikata kipande, nikavua protini kwa kingamwili inayoinasa, nikapitisha kwenye jeli inayozitenganisha protini ziwe mistari. Protini nzima ilikuja na mwenzake, mstari mweusi mnene. Iliyokatwa ilikuja peke yake. Mhakiki wa jarida akauliza swali moja tu: hiyo iliyobaki bado imekunjika sawasawa katika umbo lake? Sikuwa nimepima. Nilipopima, nilikuta imefumuka yote. Nilikuwa nimebomoa nyumba nzima, nikadai nimeuona mlango. Miaka miwili ilikwenda hivyo, na mpaka leo inaniuma.

Jamani, acheni kukata ovyo! Badilisha asidi amino moja moja, weka alanini, asidi amino ndogo isiyo na chaji, na kila mara pima kama protini bado imekunjika. Uwe na subira pia, kwani nyingi ukizibadilisha, kushikana hakutapungua. Mwaka 1995 Clackson na Wells walionyesha kuwa homoni ya ukuaji ya binadamu na kipokezi chake hugusana kwa asidi amino kama 30 kila upande, ila upande wa kipokezi zaidi ya robo tatu ya nguvu ya kushikana hutoka sehemu ndogo ya katikati, inayotawaliwa na asidi amino mbili za triptofani.

Kwangu, baada ya kuzijaribu moja moja hivyo, ilibaki asidi amino moja, arjinini. Nikaigeuza kuwa glutameti, asidi amino nyingine, chaji chanya ikawa hasi, kushikana kukapotea. Safari hii nilinyamaza. Nikaenda kwenye protini ya pili, nikaichukua glutameti inayoelekeana nayo, nikaigeuza kuwa arjinini. Kama kweli zinagusana, badiliko la huku litaponywa na la kule. Nawe fanya hivyo, tena urudie ndani ya seli hai, kwa sababu ukishapasua seli, protini ambazo maishani hazionani hukutana kwenye maji yaleyale na kushikana.

Ijumaa saa nne usiku nikaitazama picha ya jeli. Badiliko la kwanza peke yake, patupu. La pili peke yake, patupu. Yote mawili pamoja, mstari umerudi, mwembamba kuliko ule wa zamani, lakini palepale. Nilikaa chini sakafuni, glavu bado mikononi.