Tumbo linaloning'inia: kufyonza mafuta au kukata ngozi?

SWALI: Nina miaka 38, kilo 71, urefu mita 1.64. Nimezaa watoto watatu, wawili kwa upasuaji. Wa mwisho ameacha ziwa karibu mwaka. Ngozi inaangukia kovu, na jioni tumbo linavimba kama la mimba ya miezi minne. Kliniki moja inanishauri nifyonzwe mafuta, eti ni nafuu na nitarudi nyumbani siku hiyohiyo. Nichague nini?
Mama wa Katuba, Lubumbashi

JIBU: Mama, kwa maelezo yako, kufyonza peke yake hakukufai. Mafuta yakitoka, ngozi iliyokwisha kulegea hukosa cha kuijaza na huzidi kuning'inia.

Jipime kwanza. Lala chali, kunja magoti, weka vidole juu kidogo ya kitovu, kisha inua kichwa na mabega. Ukigusa mwanya unaoingiza vidole viwili au zaidi katikati ya kingo mbili ngumu, basi misuli imeachana tangu mimba. Huenda ndiyo inayolisukuma tumbo nje jioni, na hakuna bomba la kuirudisha. Kisha simama, inama, ushike nyama ya chini ya kitovu. Ikiwa nyembamba yenye mikunjo ni ngozi. Ikiwa nene ya kujaa mkono ni mafuta. Tumbo la mviringo, gumu, lisiloshikika, lina mafuta ya ndani yanayozunguka matumbo, nayo hayaondolewi kwa njia yoyote kati ya hizi mbili.

Kufyonza kunamfaa mwenye ngozi inayorudi vizuri na mafuta ya mahali pamoja. Wewe, mwanya ukithibitika, unahitaji upasuaji wa kukaza tumbo. Daktari anakata chini, kutoka nyonga hadi nyonga, mara nyingi akiondoa na kovu lako la zamani. Anashona misuli ikutane, anatoa ngozi iliyozidi, anakitengenezea kitovu tundu jipya. Ni saa 2 hadi 4 za usingizi kamili, kwa hiyo uliza nani atakayekulaza na kukuangalia mpaka uamke. Kliniki isiyo na mtu huyo, iache.

Kinachosumbua zaidi baadaye ni maji kukusanyika chini ya ngozi iliyobanduliwa. Ndiyo maana huwekwa mirija, na kwa kawaida haitolewi mpaka maji yapungue chini ya mililita 30 kwa siku. Mama anayebeba bidoni ya lita 20 au kusonga bukari ya familia kabla ya wiki 6 hujitafutia maji hayo, au nyuzi kukatika. Hatari kubwa zaidi ni damu kuganda mguuni. Tembea mapema, hata ukiwa umeinama. Shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma, au pumzi ikikatika, nenda hospitali saa hiyohiyo. Ukifanyiwa Zambia, usikimbilie safari ndefu ya kurudi kupitia Kasumbalesa na mirija tumboni.

Kama bado unataka mtoto, ngoja: mimba itayaachanisha tena yaliyoshonwa. Pima damu, sukari na sikoseli. Acha sigara wiki 4 kabla. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni vitaje kwa daktari, maana huongeza hatari ya damu kuganda. Tena mwonyeshe kovu lako. Likiwa limevimba na kutambaa nje ya mstari wake, jipya, ambalo litakuwa refu mara kadhaa, linaweza kufanya vivyo hivyo.