Baba alikufa kwa saratani ya umio, mimi sina dalili: je, nipigwe kamera?

Kaka, pole sana kwa msiba wa mzee. Umeuliza kama uende kupigwa kamera, yaani kuingiziwa mpira mwembamba wenye kamera kupitia mdomoni hadi kwenye umio (njia ya chakula), sasa ungali mzima, au usubiri mpaka chakula kianze kukwama. Nenda sasa.

Mimi ni mtu wa Bomet. Mama yangu alianza kwa kushushia ugali na maji. Kliniki moja ikampa dawa za vidonda vya tumbo, akazimaliza, akapewa nyingine, hivyo hivyo miezi mitano. Kamera haikutajwa hata mara moja, na jambo hilo linaniuma mpaka leo. Tulipomfikisha hospitali ya Tenwek, hapo Bomet, alikuwa anameza uji tu. Wakamwekea stenti, kijibomba cha kuiweka njia wazi, akanywa tena chai yake. Baada ya miezi minne tukamzika. Umio hutanuka, kwa hiyo uvimbe mdogo haukusumbui. Ukiona tonge linakwama, jua uvimbe umeshaziba sehemu kubwa ya njia.

Mimi nilienda kupigwa kamera nikiwa na miaka 44, nakula nyama choma bila shida yoyote. Wala si ajabu mtu asiye na dalili kukutwa na kitu: watafiti wa hapo Tenwek waliwahi kuwapima watu wapatao 300 wasio na dalili, na takriban 14 katika kila 100 walikutwa na mabadiliko ya seli kwenye umio yanayoweza kuja kuwa saratani, mengi yakiwa ya kiwango cha chini.

Kabla hujalipa, uliza kama watatumia rangi. Kwa mwanga wa kawaida daktari huona uvimbe na vidonda, lakini mabadiliko ya mwanzo kabisa yanaweza kumpita. Iodini ya Lugol ikinyunyizwa, seli zenye afya huinywa kwa sababu zina glikojeni, zikawa kahawia. Zilizoanza kuharibika hubaki manjano-manjano. Hapo daktari anakata kinyama palipokataa rangi, habahatishi. Mashine za kisasa zina pia kitufe cha kubadili mwanga uwe wa buluu na kijani, vimishipa vya damu vikajitokeza wazi. Zisipokuwepo kwenu, usikate tamaa. Iodini ni ya bei nafuu.

Kwangu kilionekana kiraka kimoja kama ukucha wa kidole cha mwisho. Majibu ya maabara: mabadiliko makali, bado yako tabaka la juu. Nikapelekwa Nairobi, wakadunga maji chini yake kiinuke, wakakikata kupitia mpira uleule wa kamera. Sikupasuliwa kifua. Nimerudi kupimwa mara mbili, pako safi.

Kuhusu maumivu: koo hupuliziwa ganzi, unalala ubavu wa kushoto, unasikia kichefuchefu. Iodini ilinichoma kifuani mpaka jioni. Kama una mzio wa iodini au tatizo la tezi ya shingo, waambie mapema. Usile kitu tangu usiku, na uwe na mtu wa kukurudisha nyumbani.

Halafu uende na dada yako. Amekulia jiko lileile, na baba ni mmoja.