Mukombero wote si ni uleule?

SWALI: Habari mhariri, nina kitalu kidogo cha mukombero, ule mmea tunaotafuna mzizi wake, huku Kakamega. Kuna kijana wa chuo amekuja kuomba majani, yangu na ya majirani, anasema atalinganisha jenomu za kloroplasti. Sasa mukombero wote si ni uleule, analinganisha nini? Na itatuonyesha wa nani una nguvu zaidi?

JIBU: Asante ndugu yangu. Nianze na hilo la nguvu: hapana, haitaonyesha. Ile harufu ya vanila ukitafuna ganda la mzizi inategemea zaidi DNA (yale maandishi ya urithi) iliyo kwenye kiini cha seli, na udongo, na umri wa mzizi wenyewe. Kloroplasti ni zile chembe za kijani ndani ya jani, ndilo jiko la mmea, na zina DNA yao pembeni, hiyo yote ndiyo jenomu anayoisema, ndogo tu, kwa mimea mingi ya maua ni herufi kama 120,000 hadi 160,000 hivi. Ya tumbaku ilisomwa yote tangu 1986.

Ni kweli mukombero wote ni spishi moja, Mondia whitei, kwa hiyo jeni zenyewe, yaani vipande vya DNA vyenye maagizo, zitafanana karibu zote, lakini yeye anaangalia zaidi zile nafasi kati ya jeni, mfano pale katikati ya jeni mbili ziitwazo trnH na psbA, au mahali herufi A imejirudia, huyu anazo kumi mfululizo mwingine kumi na mbili. Vitu vidogo hivyo lakini vina maana kubwa, kwa sababu kwenye mimea mingi ya maua kloroplasti hutoka kwa mama peke yake, chavua haiingizi kitu, basi unafuata ukoo wa mama na njia mbegu zilipopita, na mbegu za mukombero si unazijua, zina manyoya, upepo unazibeba.

Hapo ndipo inakuhusu wewe. Huko msituni watu wanang'oa mzizi mzima na mmea unakufa, na ukijaza kitalu kwa matunda ya mama mmoja kijiji kizima kitabaki na ukoo mmoja, ugonjwa ukija unafagia wote. Chukua mbegu kwa mama wengi, tafadhali sana!

Ila kloroplasti haimwonyeshi baba, kwa hiyo muulize huyo kijana kama ataangalia na DNA ya kiini, na kila jani aliandike limetoka shamba gani au msitu gani kabla hajaondoka nayo, na wewe ubaki na nakala.