Kabla hujabadilisha hedi gasketi, tafuta kilichoiunguza

Pikapu yangu ni Hilux ya 1995, injini ya dizeli ya 3L, ile ya lita 2.8. Kazi yake ni kupandisha vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni hadi Iringa mjini. Anayeijua njia hiyo anajua mateso yake kwa gari la umri huo. Unatoka kwenye joto la bondeni, mibuyu kushoto na kulia, halafu unaanza kupanda Kitonga na mzigo mzito, gia ya pili, nyuma ya lori linalotambaa kwa mwendo wa kinyonga. Upepo wa kupoza rejeta hakuna. Ni hapo ilipounguza hedi gasketi, kile kizibo chembamba kati ya hedi (kichwa cha injini) na bloku (mwili wa injini).

Nakumbuka sindano ya joto ilivyopita nusu. Nikasema nitasimama nikimaliza kona, maana kusimama Kitonga na mzigo kunatisha. Dakika chache baadaye sindano ikashuka yenyewe na mimi nikashukuru Mungu kwamba injini imepoa. Kumbe maji yalikuwa yamekwisha. Sensa ya joto inasoma vizuri ikiwa imezama kwenye maji. Maji yakiisha inabaki kwenye mvuke na hewa, na sindano inaweza kushuka wakati chuma kinaungua. Niliendesha kama kilomita mbili nyingine, na naamini ndizo zilizoipinda hedi.

Kwa hiyo, ndugu yangu, sindano ikipanda kupita ulivyoizoea, tafuta mahali pa kwanza penye usalama, zima injini, weka jiwe kwenye tairi. Kama huwezi kusimama mara moja, fungua hita ya ndani hadi mwisho, hata kama wewe mwenyewe unatoka jasho, kwa sababu inachukua sehemu ya joto la injini. Usifungue kifuniko cha rejeta. Maji yaliyobanwa mle ndani yanaweza kuwa yamepita nyuzi 100 bila kuchemka, na ukiachia mgandamizo yanalipuka usoni kwako. Subiri mpaka uweze kuushika mpira wa juu wa rejeta kwa mkono mtupu. Wala usiimwagie injini ya moto maji baridi, chuma kinapasuka.

Fundi wa kwanza alichomoa stiki ya oili, akaitazama, akaniambia gasketi ni nzima kwa sababu oili haijawa kama chai ya maziwa. Nilimwamini, na nilipoteza wiki nzima nikiongeza maji kila asubuhi. Gasketi inaweza kuungua kati ya silinda na njia ya maji tu, oili isiguswe kabisa. Kwangu dalili zilikuwa nyingine. Maji yalipungua bila tone kuonekana chini, na asubuhi moshi mweupe ulitoka na haukukatika injini ilipopata joto. Mpira wa juu ulikuwa mgumu kama jiwe dakika mbili tu baada ya kuwasha, wakati injini bado ya baridi. Hiyo ya mpira naiamini kuliko zote, kwa sababu maji ya baridi hayana sababu ya kujenga mgandamizo haraka hivyo. Ukiona hivyo, iache ipoe kabisa, fungua kifuniko, jaza maji hadi juu kisha washa. Mapovu yakitoka mfululizo bila kukoma, ni hewa ya silinda inayoingia kwenye maji.

Dereva mwenzangu alinishauri nitie unga wa manjano, mwingine akanishauri dawa ya kuziba ya kopo. Nilijaribu ya kopo. Ilinisogeza siku nne, kisha ikaganda kwenye vijia vya rejeta, na rejeta ndiyo iliyokuwa mgonjwa wangu halisi, ingawa wakati huo sikujua.

Tulibadilisha gasketi. Tulifungua, tukakwangua kwa msasa, tukaweka mpya, tukafunga. Wiki sita baadaye ikaungua tena, karibu pale pale.

Safari hii nilikwenda kwa fundi mzee mjini Iringa. Nilimwamkia, akaitikia, na kabla ya kushika spana akaniuliza, "Kijana wangu, kitu gani kiliiunguza?" Sikuwa na jibu. Gasketi haiungui bila sababu.

Alianza na rejeta. Alipoitenganisha, vijia vingi vilikuwa vimeziba kwa chumvi ya maji ya kisima niliyokuwa nikijaza miaka yote, na ile dawa ya kopo juu yake. Feni ilikuwa inazunguka ovyo hata injini ikiwa ya moto, maana yake klachi yake imekufa na haivuti upepo kwenye mlima. Na thamostati, ile valvu inayofunguka kwa joto kuruhusu maji yaende kwenye rejeta, haikuwepo kabisa. Mafundi wengi kwetu huitoa wakidhani wanasaidia injini ipoe. Lakini kwenye injini nyingi za Toyota thamostati ikifunguka huziba pia njia ya mkato, ili maji yapite kwenye rejeta. Ukiitoa, sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kupoa. Hili linaniuma, maana thamostati ni spea ndogo na hedi ni spea kubwa.

Hedi tuliipeleka kwa wachonga vyuma. Wakaweka rula ya chuma juu yake na kupitisha fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya, ilikuwa imepinda. Kabla ya kulipia kuisawazisha, mwambie fundi wako apime ufa kwa mgandamizo wa hewa ndani ya maji, hasa katikati ya valvu, ambako hedi za injini hizi hupenda kupasuka. Ukinunua hedi ya mtumba, ipimwe hivyo hivyo kabla hujatoa pesa.

Kuna jambo ambalo fundi wa kwanza hakuligusa kabisa. Gasketi za 3L zina unene wa aina tatu, zenye alama B, D na F, na unachagua kwa kupima pistoni zinavyojitokeza juu ya bloku. Ukiweka yoyote iliyopo dukani unabahatisha. Boliti za hedi ni 18, zinakazwa kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa hatua, kwa toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza. Mashimo yake yakaushwe kwanza, kwa sababu oili au maji yaliyobaki chini yanaweza kupasua bloku boliti inaposhuka. Na kwa kuwa beliti ya taimingi imeshatolewa, weka mpya, usirudishe ya zamani.

Tangu siku hiyo sitii tena maji ya kisima. Natia kulanti, ile dawa ya maji ya rejeta, nusu kwa nusu na maji safi. Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na huku maji matupu kwenye sufuria huchemka karibu nyuzi 95, kwa hiyo kifuniko cha rejeta kilicholegea kinakuponza mapema kuliko Dar es Salaam. Nacho nilikibadilisha. Siku ya kujaza, hita iwe wazi, injini iungurume taratibu mpaka hewa yote itoke, na kesho yake asubuhi, kabla ya kuwasha, angalia maji upya. Yangu yalishuka karibu lita nzima asubuhi ya kwanza, nikajaza. Asubuhi ya pili hayakushuka, nikapakia vitunguu.