Muulize Dada Fundi: Injini ya mtumba kwenye gari la mashindano

SWALI: Dada Fundi, hujambo? Mimi ni mtoto wa Tanga, nasoma uhandisi mwaka wa pili hapa Coventry, Uingereza, na nimejiunga na timu ya chuo inayojenga gari la Formula Student, yale mashindano ya wanafunzi wa uhandisi wanaojenga magari madogo ya mbio. Injini yetu ya silinda nne imenoki mazoezini na mfukoni tumebakiwa na pauni 900. Wenzangu wamepata mbili za mtumba. Moja ni ya Honda CBR600RR iliyotoka kwenye pikipiki ya ajali, pauni 650, injini tupu. Nyingine ni ya motocross, pikipiki za mbio za njia ya vumbi na matope, silinda moja, cc 450, pauni 500, na muuzaji anaapa haijawahi kufunguliwa. Timu imegawanyika: wa silinda nne wanataka nguvu, wa silinda moja wanataka wepesi. Tuchukue ipi?
Mwanafunzi, Coventry

JIBU: Sijambo, mdogo wangu. Poleni kwa injini. Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta jambo moja ambalo hukuliandika: ilinoki kwa nini? Kabla hamjatoa hata pauni moja, ifungueni ile ya zamani hadi mjue kilichoiua. La sivyo, hiyo mtakayoinunua itaifuata.

Suala la nguvu niliseme upesi, maana najua linavyokula vikao. Kanuni zinaruhusu injini ya mipigo minne isiyozidi cc 710. Enzi zangu kikomo kilikuwa 610, ndiyo maana injini za pikipiki za cc 600 zilienea sana. Lakini hewa yote inayoingia lazima ipite kwenye koo moja la duara lenye kipenyo cha milimita 20, kama mnatumia petroli. Injini ikivuta kwa nguvu, hewa kooni hufikia mwendo wa sauti, na hapo hata uivute vipi haiongezeki. Koo la ukubwa huo hupitisha gramu 75 hivi kwa sekunde na si zaidi. Kwa hiyo injini iliyokuwa inatoa farasi zaidi ya 100 kwenye pikipiki yake, kwenye gari lenu itatoa kama 80. Wala msifikirie kuiba hewa pembeni: wakaguzi huziba mdomo wa koo injini ikiwa inaunguruma, na isipozimika wanajua kuna tundu.

Maana yake ni kwamba injini iliyotembea kilomita 40,000 na kuchoka kidogo haiwapunguzii mengi. Msilipie upya wake. Lipieni uzima wa beringi zake.

Na hapo ndipo ninapotaka unisikilize vizuri. Nikiwa mwaka wa tatu nilisimamia injini kwenye timu ya chuo kimoja kaskazini mwa Uingereza. Tulinunua injini ya silinda nne iliyotoka kwenye pikipiki ya ajali, tukapima kompresheni, silinda zote zikasoma karibu sawa, tukafurahi mno. Siku ya sita ya mazoezi, kwenye uwanja wa ndege wa zamani, dereva wetu alikuwa anazunguka duara la kulia bila kupumzika, akijifunza jaribio la duara, mojawapo ya majaribio ya mashindano. Nikasikia kama mtu anagonga sufuria kwa kijiko ndani ya bloku. Nikapunga mikono azime. Alipozima, kazi ilikuwa imekwisha. Tulipofungua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, tulikuta vipande vya beringi vinang'aa kama magamba ya dagaa, na konrodi ya silinda ya pili, mkono unaounganisha pistoni na krenki, imegeuka rangi ya bluu kwa joto. Nililia pale pale. Ilikuwa mwezi Mei, na mashindano ni Julai.

Kosa halikuwa la aliyetuuzia. Lilikuwa letu. Pikipiki ikikata kona hulala, kwa hiyo oili hubaki chini ya sampu, kama maji kwenye ndoo unayoizungusha kwa mkono: hayamwagiki kwa sababu ndoo imeinama pamoja nayo. Gari halilali. Kwenye kona kali ya mara moja na nusu ya uzito wake, uso wa oili huinuka zaidi ya digrii 50 na kupanda ukuta wa sampu. Chujio la pampu hubaki wazi, pampu hunyonya hewa, na beringi za konrodi zikikosa oili kwa sekunde chache tu kwenye mizunguko 9,000 kwa dakika huwa ndiyo mwisho. Kwenye duara, kona haiishi, kwa hiyo oili hairudi.

Injini ya pili tuliitengenezea sampu upya. Tulikata bati la alumini, tukachomelea kuta kuzunguka chujio, na kwenye kuta tukaweka vilango vyenye bawaba vinavyofunguka kwa ndani tu, oili iingie isitoke. Tukafunga sensa ya presha ya oili inayoandika kwenye kompyuta, na taa kubwa nyekundu mbele ya macho ya dereva. Gari likirudi, kabla ya kuuliza muda wa mzunguko, nilikuwa nausoma mstari wa presha. Ukishuka konani, gari halitoki tena siku hiyo, hata dereva akinuna. Injini hiyo ilimaliza mbio ndefu za kilomita 22, zile zenye alama nyingi kuliko shindano jingine lolote, na ilikuwa na umri wa miaka kumi tulipoinunua.

Sasa kwenye hizo mbili zenu. Hiyo ya ajali, muulizeni muuzaji pikipiki iliangukia upande gani na kama injini iliendelea kunguruma ikiwa imelala. Ikiwa ilinguruma ubavuni hata nusu dakika, beringi zimeonja ukavu. Kifuniko cha pembeni kikiwa kimetoboka, changarawe zimeingia. Ombeni kuchomoa nati ya sampu na kuikata filta ya oili: unga wa kijivu kwenye sumaku ni uchakavu wa kawaida, ila vipande vyenye rangi ya shaba, rudini nyumbani. Chomoeni plagi zote, muizungushe krenki kwa spana taratibu, mizunguko miwili kamili, mkisikilizia kwa mkono mahali inapokwama. Chukueni na karatasi za pikipiki zenye namba ya injini, msije mkauziwa mali ya wizi.

Neno "tupu" nalo linagharimu. Bila throto, nozeli, sensa, stata, wayaringi na kontroli boksi (kompyuta ya injini), pauni 650 zinaweza kufika 1,200 kabla haijawaka. Hata mkipata kontroli boksi yake ya asili, itaulizia ufunguo wenye chipu, swichi ya stendi ya pembeni na sensa ya kuanguka, vitu ambavyo gari halina.

Ya cc 450 ni nyepesi kweli, karibu nusu ya uzito wa ile nyingine, na hula mafuta kidogo, jambo lenye alama zake. Lakini injini za motocross huhesabiwa kwa saa za kazi, si kilomita, na pistoni hubadilishwa baada ya saa kadhaa tu za mbio. Muuzaji akikwambia haijawahi kufunguliwa, kwangu hiyo si sifa.

Kwa hiyo, kama iliyonoki ni CBR600RR vilevile, chukueni ya ajali ikipita ukaguzi huo. Mabano ya fremu, njia ya hewa, egzosi, wayaringi na cheni vyote vinaingia bila kukata chuma, na ile iliyokufa inakuwa stoo yenu ya spea. Kama ni aina nyingine, tafuteni ya aina hiyo hiyo, hata kama mtasubiri wiki tatu. Kubadilisha aina ya injini katikati ya msimu ni kujenga upya nusu ya nyuma ya gari, na nimeona timu nzuri zikifika mashindanoni na gari ambalo halijawahi kukata kona hata moja.

SWALI: Dada, sisi ni wanafunzi wa ufundi hapa Arusha. Tuna injini ya Boxer 150 iliyotupwa na kaka mmoja wa bodaboda. Inaweza kusukuma kigari cha mashindano?
Vijana watatu, Arusha

JIBU: Inaweza, na mtajifunza mengi kuliko wengi wenye injini kubwa. Ina farasi 12 hivi, inatosha kigari cha mtu mmoja chenye fremu ya bomba. Shida yenu ya kwanza itakuwa joto. Hiyo hupozwa na upepo wa safari, na mkiificha nyuma ya kiti upepo haufiki. Iacheni wazi ubavuni, au muiwekee feni na bati la kuelekeza hewa kwenye mapezi ya silinda. Ya pili ni sproketi: gari ni zito kuliko pikipiki, kwa hiyo ya nyuma iwe kubwa kuliko ya asili, la sivyo mtachoma klachi kila mkiondoka. Ekseli moja ya nyuma isiyo na difu inafaa kwa kuanzia. Breki ziwe zimekamilika kabla injini haijawashwa mara ya kwanza, na mfanyie majaribio kwenye kiwanja kilichofungwa, kamwe si barabarani. Nitumieni picha za fremu kabla hamjachomelea, nitazitazama zote.

SWALI: Mwanangu Fundi, kijana wangu yuko Ujerumani na ameniambia ataendesha gari la mashindano walilolijenga wenyewe kwa injini kuukuu ya pikipiki. Silali. Nimkataze?
Mama, Kisauni, Mombasa

JIBU: Shikamoo, mama. Usimkataze. Hofu yako naielewa, mama yangu naye alikuwa hivyo hivyo. Injini kuukuu ikifa, gari husimama tu. Kinachomlinda mtoto ni vitu vingine: mapinde mawili ya bomba la chuma, moja mbele yake na moja nyuma ya kichwa chake, mikanda inayomfunga mabega, kiuno na mapaja, na kipande cha puani mwa gari kinachobonyea kunyonya kishindo. Kabla ya kuruhusiwa, gari huinamishwa digrii 60 na lisidondoshe hata tone la petroli, na dereva lazima aonyeshe kwamba anaweza kutoka ndani ya sekunde 5. Njia yenyewe ina kona nyingi zilizopangwa kwa koni, na mwendo wa wastani ni kama kilomita 50 kwa saa. Hakuna kusukumana ubavu kwa ubavu.

Nilichokuwa nakiogopa mimi ni usiku wa karakana. Wiki ya mwisho vijana hukesha siku tatu, halafu mmoja anashika grenda au usukani wa gari la mizigo akiwa anasinzia. Akipiga simu, muulize amelala saa ngapi jana, na nani ataendesha gari la timu kwenda Hockenheim, kwenye mashindano ya Ujerumani.